Kwaya Ndani ya Lori Tupu

Hebu niambie, wewe unayesoma hapa: ukisikia gari linakuja kwa mbali, waweza kujua ni la nani kabla hujaliona?

Watoto wa kijiji cha Mgwashi, juu milimani, waliweza. Haikuwa kazi ngumu, maana miaka ile ya vijiji vya ujamaa magari yaliyopanda mpaka kule juu yalikuwa machache mno. Kulikuwa na gari la hospitali, lililopita kimya kimya kama lenye haya. Kulikuwa na Landrova ya bwana shamba, iliyopiga kelele kama debe lenye mawe. Halafu kulikuwa na Shangazi.

Shangazi lilikuwa lori la kijiji. Watu walilipa jina hilo kwa sababu kila liliporudi kutoka mjini lilijaa vitu: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, mabati ya shule, na kila lilipofika kwenye mwinuko lilianza kunung'unika. Paskalina, msichana wa darasa la sita, alilijua kuliko wenzake wote, kwa kuwa dereva wake, Kornelio, alikuwa mjomba wake. Kornelio alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Mtu akimwomba kitu, hakujua kukataa. Alikuwa akifungua mdomo, anaufunga tena, kisha anasema, "Haya."

Mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, plamu huwa zimeiva. Kila asubuhi Paskalina alikoka moto, akakoroga uji wa bibi yake, akajifunga khanga kiunoni kwa sababu ya baridi ya ukungu, kisha akaenda na wenzake kwenye shamba la kijiji. Huko kila mtu alishika kazi yake kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: vijana juu ya miti, wanawake wakipokea, watoto wakichambua zilizopasuka. Zilizopasuka zililiwa palepale, ndiyo maana watoto hawakuchelewa kamwe kazini. Nzuri zilipangwa kwenye matenga, zikafunikwa majani, zikingoja Shangazi azipeleke kwa wanunuzi wa Tanga. Na plamu si viazi. Ikiiva leo, keshokutwa imekuwa maji.

Mwaka huo Shangazi alikuwa ameugua tangu Novemba. Alitoa moshi, akakosa nguvu, basi kijiji kikampeleka Tanga kwenye kampuni iliyokiuzia lori lenyewe, yenye duka la magari mbele na gereji nyuma. Mafundi wakaifungua injini yote, wakabadilisha vilivyochakaa, wakaifunga. Kornelio alipokwenda kulichukua aliambiwa neno moja, akalirudia mara mbili ili asisahau: safari ya kwanza aende taratibu, na gari tupu. Asipakie mtu wala mzigo mpaka injini izoee.

Sasa sikiliza lililotokea. Siku hizo hizo kwaya ya kijiji ilikuwa imekwenda Korogwe kuimba kwenye sherehe za Uhuru. Wakristo walikuwemo, Waislamu walikuwemo, wazee na watoto, na Paskalina alikuwa mdogo kuliko waimbaji wote. Walirudi kwa treni hadi Mombo, chini ya mlima, wakakaa kando ya barabara na mabunda yao wakitafuna miwa. Wakashangilia walipomwona Shangazi anakuja kutoka upande wa Tanga, amepigwa polishi, anang'aa.

"Mungu hamtupi mja wake," akasema Mwalimu Fanueli, kiongozi wa kwaya. "Simameni tumpokee kwa wimbo."

Kornelio alisimamisha lori bila kuzima injini. Wakaanza kuimba. Hawajamaliza ubeti mmoja, Mwalimu Fanueli akanyanyua mkono kuwanyamazisha, akamgeukia mpiga ngoma.

"Omari, usikimbize ngoma. Unatuimbisha kama watu wanaofukuzwa na nyuki."

"Mimi, Mwalimu?" Omari akainua mikono yote miwili. Mkono mmoja ulishika muwa, wa pili ulishika maganda. "Ngoma yangu ile pale chini, nimeikalia tangu tufike."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini mlio haukukoma. Ko-ko-ko-ko, ko-ko-ko-ko. Ulitoka mbele ya lori, chini ya boneti.

"Basi Shangazi naye kajifunza ngoma huko Tanga," akasema mama mmoja, na watu wakacheka upya.

Kornelio peke yake hakucheka. Alishuka, akainamisha sikio karibu na boneti. Wakati huo watu walikwisha kuanza kupanda. Bunda hili lilirushwa, mtoto yule alinyanyuliwa.

"Jamani," akaanza Kornelio, "kule gereji wameniambia..."

"Wamekuambia utufikishe nyumbani mapema," akadakia Mwalimu Fanueli kwa furaha. "Gari si letu sote, Kornelio? Au tulilinunua ili litupite njiani?"

Paskalina alimwona mjomba wake akifungua mdomo. Akamwona akiufunga.

"Haya," akasema Kornelio.

Wakapanda mlima wakiimba. Waliimba kwa nguvu kiasi kwamba hata kama Shangazi angepiga mayowe, nani angesikia? Kwenye kona za kuelekea Soni, mahali ambapo mtu akitazama chini huona mto kama uzi mweupe, kukasikika kishindo kimoja cha chuma, paa, kisha kimya. Oili ikamwagika barabarani, nyeusi. Hakuna aliyeumia. Walishuka, wakaweka mawe nyuma ya matairi, wakapanda mpaka Soni kwa miguu. Wakaendelea kuimba, ila sasa polepole, na Omari kwa kweli ndiye aliyepiga ngoma.

Baada ya siku chache gari la kuvuta la kampuni lilimteremsha Shangazi mpaka Tanga. Ujumbe ukaja juu ukisema wajumbe wa kijiji waende kuzungumza. Wakachaguliwa watatu: Mzee Abdallah, mwenyekiti wa kijiji, Mwalimu Fanueli, kwa ajili ya ulimi wake, na Kornelio. Paskalina alipewa kazi ya kubeba kikapu cha plamu, kwa sababu watu wa milimani hawaendi kwa mtu mikono mitupu.

Ndani ya basi la kwenda Tanga, Mwalimu Fanueli alizungumza kwa sauti ya chini.

"Wakijua tulipakia kwaya, watasema sisi ndio tumeiua injini. Tutasema gari lilikuja tupu. Hatukusimama Mombo, hatukusikia kitu, limevunjika ghafla mlimani. Hapo lawama yote ni yao."

Mzee Abdallah alikuna ndevu. "Ni uongo, Mwalimu."

"Ni uongo mdogo, Mwenyekiti, kwa faida ya kijiji kizima. Plamu zinaoza."

Mzee Abdallah akatazama nje. Kornelio naye alitazama mikono yake. Mwalimu akamgeukia Paskalina. "Na wewe, binti, ukiulizwa, wewe ni mtoto. Hukumbuki."

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu Paskalina. Lakini moyoni hakukubali. Mwalimu huyu huyu darasani alikuwa akiwaambia kwamba mwenye kunakili kazi ya mwenzake hujidanganya mwenyewe. Sasa amesahau, au kule ni darasani na hapa ni Tanga?

Meneja wa kampuni, Bwana Selemani, alikuwa mtu mnene mwenye miwani na shati jeupe la mikono mifupi. Aliwapokea vizuri, akaagiza chai. Paskalina akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na hicho kikapu?"

"Ni zawadi kutoka kijijini."

"Kiweke pale mlangoni kwanza. Nikipokea sasa, watu watasema nimelambishwa." Akatabasamu, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Haya, ndugu Mwenyekiti. Lori lilipotoka hapa, lilipakia nini?"

Mzee Abdallah akamtazama Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyejibu.

"Halikupakia kitu, ndugu Meneja. Tupu kabisa."

"Hata abiria mmoja?"

"Hata kuku."

"Mlisimama Mombo?"

"Hatukusimama."

"Injini ilianza kugonga wapi?"

"Haikugonga. Ilivunjika tu, mlimani."

Meneja akavua miwani, akaifuta kwa leso, taratibu sana.

"Vizuri. Basi injini yetu ilitoka hapa mpaka Mombo bila kasoro hata moja, masafa yote hayo. Ikafika mlimani, tupu, ikavunjika ghafla. Mimi nikisikia hivyo naona jambo moja tu. Dereva aliikimbiza, au hakutazama oili. Hilo si kosa la gereji. Tutalifunga jalada, na kijiji kitatafuta injini nyingine. Tena kama ningekuwa nyinyi, ningetafuta na dereva mwingine."

Kornelio aliweka kikombe chake cha chai mezani. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Paskalina alimtazama Mwalimu, naye Mwalimu akatazama dirishani. Akamtazama Mzee Abdallah, akaona mzee ameinama. Hapo akaelewa jambo ambalo hakulielewa ndani ya basi: ule uongo mdogo ulikuwa umekwenda kumkalia mjomba wake peke yake. Alijua akisema, wakubwa wataaibika. Asiposema, mjomba atarudi nyumbani kama mtu aliyeua lori la watu.

"Babu," akasema, sauti ikitoka nyembamba, "naomba kusema."

"Paskalina," Mwalimu akaonya.

"Mwache," akasema Meneja. "Sema, mjukuu wangu."

"Lori halikuwa tupu. Tulikuwemo sisi, kwaya nzima. Tulipanda Mombo, na Mjomba alitaka kutuambia alivyoagizwa, tukamkatiza." Akamgeukia mjomba wake. "Lakini lilikuwa linagonga kabla hatujapanda. Lilisimama tu, halina mtu ndani, na linagonga. Mwalimu akadhani ni Omari anakimbiza ngoma. Na Omari alikuwa anakula muwa."

Meneja akavaa miwani yake tena. Kisha akainama chini ya meza yake, akachomoa kitu, akakiweka juu ya karatasi zake. Lilikuwa kayamba la kwaya.

"Vijana wangu walilikuta ndani ya bodi," akasema. "Pamoja na maganda ya miwa na kandambili moja ya mtoto. Nilikuwa nangoja nielezwe jinsi lori tupu linavyocheza kayamba lenyewe."

Mzee Abdallah alikuwa wa kwanza kucheka. Alijaribu kujizuia, mabega yakamtikisika, mwisho akacheka mpaka kofia ikateleza. "Ndugu Meneja," akasema akijifuta macho, "mtoto amesema kweli tupu. Sisi wakubwa tumekuja kukudanganya, na nilijua tangu kwenye basi. Tusamehe."

Mwalimu Fanueli alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Shauri lilikuwa langu. Mwenyekiti alinionya. Na kuhusu ngoma, nilimgombeza Omari kweli, ndugu Meneja, mbele ya watu."

"Iligongaje?" akauliza Meneja.

Mwalimu akatazama meza, kama mtu anayeombwa kuvua viatu mbele ya wageni. Paskalina akasogea, akakunja ngumi, akagonga ubao wa meza: ko-ko-ko-ko, ko-ko-ko-ko. Mwalimu akaanza kuimba wimbo wa Mombo kwa sauti ya chini ili kupata mwendo wake sawasawa. Kwa mazoea tu, Mzee Abdallah akaitikia. Makarani wakachungulia mlangoni. Fundi mkuu wa gereji, aliyekuwa anapita na kopo la grisi, naye akasimama kusikiliza.

"Akikanyaga mafuta?" fundi mkuu akauliza.

"Inakimbia zaidi," akasema Kornelio. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. "Niliisikia kwa mbali tangu Korogwe. Pale Mombo nilitaka kufungua boneti, ila..."

Fundi mkuu akamtazama Meneja. "Gari limesimama tambarare, halina mzigo, na linagonga hivyo? Mzigo hauwezi kufanya hivyo, mkubwa. Nilisema tufungue chini tuone, nikaambiwa tungoje maneno ya wenyewe."

"Sasa maneno yamepatikana," akasema Meneja. "Twendeni."

Wakaenda wote gereji, hata makarani. Shangazi alikuwa amenyanyuliwa juu ya magogo. Fundi mkuu akalala chini, akafungua bolti za bakuli la oili, moja baada ya moja, huku Paskalina amechuchumaa kando akitazama. Bakuli liliposhuka, ndani ya oili iliyobaki kulikuwa na nati moja imelala, nzima, haijaliwa hata kidogo. Fundi akaifuta kwa kitambaa, akaishika kwenye mwanga.

"Hii ni ya kushika mkono wa pistoni," akawaeleza. "Mkono ule unapanda na kushuka siku nzima. Nati zake zinatakiwa kukazwa kwa nguvu, kisha zifungwe zisirudi nyuma. Hii ni nzima, maana yake haikung'olewa na uzito wa mzigo; haikukazwa. Ilikuwa inajifungua yenyewe tangu lori linatoka getini. Hapo ndipo mlipopata ngoma yenu."

Meneja akashusha pumzi. Hakutafuta maneno ya kujitetea.

"Kosa ni letu," akasema. "Lori tutalitengeneza upya, kila kitu juu yetu. Ila nanyi mna lenu. Mliambiwa lirudi tupu, mkapakia kwaya. Na lilipogonga mngezima pale pale Mombo, tungebadilisha nati moja na beringi zake, siyo nusu ya injini. Kwa hiyo kijiji kitaleta oili mpya. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," akasema Mzee Abdallah, wakapeana mikono.

"Na kile kikapu sasa nakipokea," Meneja akaongeza. Lakini hakuwahi kukigusa. Mafundi walikwisha kukizunguka, mikono yao myeusi kwa oili, na maji mekundu ya plamu yakiwachuruzika kidevuni.

Shangazi alipokuwa akitengenezwa, Mgwashi hakukulala. Kila asubuhi watu walibeba matenga ya plamu kichwani mpaka barabara kubwa, mahali ambapo lori la kijiji jirani lilikubali kuwachukulia. Zilizoiva sana wakazipika jamu kwenye masufuria ya shule, na kwa wiki nzima kijiji chote kilinukia sukari. Nyingi ziliokolewa.

Siku ya kulichukua lori walikwenda wale wale wanne. Kornelio akatangulia na Shangazi polepole, peke yake, nao wengine wakamfuata kwa basi mpaka Mombo. Walipokuwa wamekaa ndani ya basi, Mwalimu Fanueli akahamia kiti cha karibu na Paskalina.

"Binti," akasema, "nilikuambia useme hukumbuki. Nilikufundisha vibaya."

Paskalina hakujua mtu mkubwa anajibiwaje akisema hivyo. Akasema, "Niliogopa sana, Mwalimu."

"Hata mimi niliogopa, ndiyo maana nikadanganya. Nilidhani tukiificha kwaya tutajiokoa. Kumbe kwaya ndiyo iliyosikia injini ikigonga. Nilipoficha kosa letu, nikaficha na haki yetu humo humo. Mzigo wote ukamwangukia mtu asiyejua kujitetea." Akatazama milima iliyoanza kujitokeza mbele, ya bluu. "Shule zikifunguliwa nitawaeleza wenzako darasani. Nitawaambia ukweli una sehemu zinazouma, lakini lazima uuseme wote, maana hujui ni sehemu gani itakayokusaidia. Na nitawaambia ni nani aliyenifundisha."

"Usinitaje jina, Mwalimu. Watanitania."

"Nitakutaja," akasema Mwalimu, na Mzee Abdallah aliyekaa nyuma yao akacheka.

Mombo walimkuta Shangazi amesimama kivulini, boneti wazi, injini ikinguruma laini kama paka aliyeshiba. Hakuna ko-ko-ko. Lakini hakuwa peke yake. Nusu ya kwaya ilikuwa imeshuka kumpokea, wamevaa vizuri, wamechuma maua ya porini wakayafunga mbele ya lori. Omari alikuwa na ngoma yake. Walipoona wajumbe wamefika, wakapiga vigelegele, na hapo hapo, kama maji yanayojua njia, wakaanza kurusha mabunda ndani ya bodi.

"Mwenyekiti, panda mbele," akasema mama mmoja. "Tuondoke kabla ya mvua."

Mzee Abdallah, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua tangu asubuhi, akaweka mguu mmoja kwenye kikanyagio.

Paskalina akamtazama mjomba wake. Kornelio alikuwa amesimama karibu na gurudumu, mikono yake mikubwa ikining'inia. Akawatazama watu, maua, mabunda, mguu wa mwenyekiti. Akafungua mdomo.

"Hapana," akasema.

Ngoma ya Omari ikanyamaza. Watu wakageuka kutazama ni nani aliyesema.

"Mwenyekiti, nisamehe, shusha mguu," akasema Kornelio, na sauti yake ndogo ikawa inapanda kadiri alivyosema. "Nanyi shusheni mabunda yenu. Basi la Soni linakuja, mtapanda hilo. Lori hili leo halipakii mtu wala kuku. Nilitaka kuwaambia hivyo tangu siku ile."